Beitikasta ya kushoto au ya kulia: rili ya kwanza iwe ipi?

Rili ni kifaa cha kukunjia mshipi kwenye fimbo ya kuvulia, na beitikasta ni rili ambayo bobini yake, yaani kigurudumu chenye mshipi, huzunguka mshipi unapotoka. Tuanze na jina, maana ndilo linalowaponza wanunuzi. Rili inayoitwa "ya kushoto" haikutengenezwa kwa ajili ya mashoto. Jina linataja upande hendeli ilipofungwa, basi. Mtu anayerusha kwa mkono wa kulia anaweza kununua ya kushoto, na akiwa ndiyo kwanza anaanza, mara nyingi hiyo ndiyo inayomfaa. Mashoto naye, akirusha kwa kushoto kwake, hendeli ya kulia inamkaa vizuri bila marekebisho yoyote. Kwa kweli mashoto ndiye aliyebahatika hapa, kwa kuwa rafu za maduka zimejaa rili za kulia.

Kosa la upande halina dawa. Rili ya spini, ile inayoning'inia chini ya fimbo na bobini yake haizunguki unaporusha, unafungua hendeli, unaihamishia ng'ambo ya pili, unaendelea kuvua. Beitikasta haikupi nafasi hiyo: gia kuu, nyota ya dragi (breki inayoachia mshipi samaki akivuta kwa nguvu) na kitasa cha kubana bobini vimejengwa upande mmoja wa mwili wake, na havihami. Ukikosea, ama unaiuza ama unajizoesha kuishi nayo.

Kwa hiyo soma namba kwenye boksi, usiamini picha, kwani wauzaji wa mtandaoni hutumia picha moja kwa pande zote mbili. Shimano hutofautisha kwa tarakimu ya mwisho: SLX 150 ni ya kulia, SLX 151 ni ya kushoto, vivyo hivyo Curado 200 na 201. Daiwa na Abu Garcia huongeza herufi L mwishoni mwa jina la rili ya kushoto. Herufi kama HG na XG kwenye Shimano ni za kasi ya gia, hazihusiani na upande. Ukiwa dukani, shika rili mguu wake ukiwa chini, na kile kitundu kinachoongoza mshipi kikitazama mbele. Upande wa hendeli katika mkao huo ndio jina lake.

Sasa sababu yenyewe. Beitikasta hukaa juu ya fimbo, na wakati wa kurusha kidole gumba cha mkono unaorusha hulalia bobini. Ukirusha kwa kulia na hendeli iko kulia, chambo kikigusa maji una shughuli ya kufanya: fimbo ihamie mkono wa kushoto, mkono wa kulia uende kwenye hendeli, ndipo uizungushe ili klachi, swichi inayoachia bobini unaporusha, ifunge. Ni sekunde moja, pengine mbili. Lakini muda huo chambo kinazama, mshipi umelegea, na samaki wengi hukikwapua kikiwa bado kinashuka. Mvuvi mzoefu hubadilisha mkono chambo kikiwa hewani, kidole gumba cha kushoto kikapokea bobini kabla ya chambo kutua. Anayeanza akijaribu mchezo huo huinua kidole mapema, bobini ikaendelea kuzunguka baada ya chambo kusimama, na mshipi ukatatana wote.

Hendeli ikiwa kushoto, mkono wa kulia hauachi fimbo. Gumba linabonyeza bobini chambo kinapotua, kushoto kunazungusha robo ya duara, klachi inafunga, mshipi umekaza. Kwa chambo kinachochezwa kwa ncha ya fimbo, kama mnyoo wa plastiki unaoburutwa chini au jigi (ndoano yenye kichwa kizito) linalorukarukishwa, faida ni kubwa zaidi, maana mkono wenye ustadi ndio unaoshika fimbo na kuhisi mguso. Tena kama umetoka kwenye rili ya spini na huwa unazungusha kwa kushoto, mkono huo umekwisha jifunza. Kuufundisha upya bila sababu ni kazi bure.

Hendeli ya kulia ina hoja zake pia, na si za mapokeo tu. Chambo cha kupiga mbizi chenye mdomo mpana huvuta maji kwa nguvu, na kukirudisha tangu asubuhi hadi mchana kunachosha mkono dhaifu. Mkono ukichoka kasi huyumba, na chambo huanza kwenda kwa kushtukashtuka. Mtu wa kulia anayepanga kuvua hivyo zaidi achague hendeli ya kulia na akubali kubadilisha mkono. Hoja nyingine ni mwelekeo wa kifundo cha mkono. Ukirusha kwa kulia ukigeuza kifundo ili mgongo wa kiganja uangalie juu, hendeli ya kulia hutazama juu, ya kushoto hutazama chini. Rili inarusha vilevile, ila ya kushoto hendeli yake inaweza kunasa kwenye koti pana au jaketi la kuokolea ukirusha karibu na mwili.

Kama bado unasitasita, kipimo hiki hakihitaji hata rili. Shika fimbo kwa mkono mmoja, ncha ikiwa karibu na ukuta, na kwa mkono mwingine zungusha hendeli ya kuwaziwa mara 60 mfululizo, kwa kasi moja. Badilisha mikono, urudie. Tazama ncha ya fimbo. Mkono unaozungusha ncha ikatulia, upande wake ndio wa kununua, hata kama rafiki zako wote wanatumia mwingine.

Kuhusu kasi, usihangaike sana. Kwenye SLX, gia ya 6.3 kwa 1 (bobini huzunguka mara 6.3 hendeli ikizunguka mara moja) hurudisha kama sentimita 66 kwa kila mzunguko wa hendeli, ya 7.2 kama 76, ya 8.2 kama 86. Ya kati inatosha kwa kuanzia. Ya kasi kabisa huwafanya wanaoanza wavute chambo mbio kuliko samaki anavyotaka, na huhitaji nguvu zaidi kwenye chambo kizito, jambo ambalo mkono wa kushoto usiozoea utaliona mapema.

Upande sahihi hauzuii mshipi kutatana, na hapa ndipo rili nyingi nzuri hulaumiwa bure. Mshipi hutatana bobini ikizunguka haraka kuliko mshipi unavyoondoka. Hutokea mwanzoni mwa mrusho ukirusha kwa kushtua, katikati chambo kikikutana na upepo, na mwishoni chambo kikitua. Kitasa cha kubana bobini, kilicho upande wa hendeli, ndicho cha kuwekwa kwanza. Fungua klachi chambo kikining'inia, na kaza mpaka kishuke polepole na bobini isimame yenyewe kinapogusa ardhi. Kila ukibadilisha uzito wa chambo, rudia. Breki hukaa upande wa pili, ule unaolala kiganjani. Kwenye breki ya sumaku yenye alama hadi 20, kama ilivyo kwenye Daiwa Tatula, anza 15 au 16, kisha punguza moja moja baada ya mirusho kumi isiyotatana. Breki inayotumia vipande vinavyosukumwa nje bobini inapokimbia hubana zaidi mwanzoni mwa mrusho, kwa hiyo husamehe urushaji wa ghafla, lakini upepo wa mbele bado unahitaji gumba.

Weka mshipi wa nailoni unaohimili ratili 12 hadi 14, unene wa milimita 0.35 hivi. Mshipi wa kusukwa hujichimbia ndani ya mizunguko ya chini ukivutwa kwa nguvu, na ukitatana mafundo yake ni madogo na magumu kufungua. Kawaida bobini hujazwa mpaka ibaki milimita 3 kufikia ukingo, ila kwa wiki za mwanzo jaza nusu tu: bobini nyepesi huanza na kusimama kwa urahisi. Funga chambo cha gramu 14 hadi 18 kisicho na ndoano, ukafanyie mazoezi kwenye nyasi. Chini ya gramu 7 usijaribu kwa sasa, chambo chepesi hakina nguvu ya kuivuta bobini. Kisha toa mshipi kiasi cha mrusho wako mrefu na mita 5 za ziada, ubandike kipande cha utepe juu ya mshipi uliobaki kwenye bobini. Mshipi ukitatana, hautavuka hapo.

Na utatatana. Ukitokea, usivute kwa hasira, kwa kuwa kitanzi kimoja kilichokazwa hugeuka fundo la kukatwa kwa mkasi. Funga klachi, kandamiza bobini kwa gumba kwa nguvu, zungusha hendeli mizunguko miwili au mitatu gumba likiwa hapohapo ili vitanzi vilale. Fungua klachi, vuta mshipi taratibu. Ukikwama, rudia. Mara nyingi raundi tatu zinatosha.

Rili za kushoto zilizotumika ni chache zaidi sokoni, hivyo watu huzinunua bila kuzikagua. Shika hendeli uirudishe nyuma: isirudi hata kidogo. Ikirudi na kushtuka, beringi inayozuia imechoka au imelowa mafuta. Kaza dragi, vuta mshipi kwa mkono, usikilize kama unatoka kwa mtiririko au kwa kukatikakatika. Ukitoka kwa kukatikakatika, visahani vya dragi vina uchafu. Halafu fungua klachi, usukume bobini kushoto na kulia kwa kidole. Ikicheza na kugonga ubavuni hata kitasa kikiwa kimebanwa kidogo, ncha za ekseli zimelika, na rili hiyo itakusumbua kwenye kila mrusho, hata hendeli ingekuwa upande unaoutaka.