Rangi za mafuta za kuigia mandhari ya Van Gogh: anza na tyubu nyeupe

Malalamiko ninayoletewa na wanaojifunza rangi za mafuta kwa kuiga ile picha ya shamba la ngano lenye miberoshi, ambayo mchoraji Vincent van Gogh aliichora huko Saint-Rémy, Ufaransa, mwaka 1889, yanafanana mno: miaka michache baada ya kazi kukauka, mawingu hupasuka nyufa nyembamba, na pengine tabaka la juu hubanduka kabisa, ilhali miti na ngano ni nzima. Mnunuzi hulaumu turubai au brashi, kumbe mara nyingi kasoro imo ndani ya tyubu ya rangi nyeupe.

Geuza tyubu usome maandishi madogo ya nyuma. Hapo utakuta msimbo wa pigmenti, yaani wa unga unaoipa rangi weupe wake: PW6 ni titani na PW4 ni zinki. Tyubu nyingi zinazoitwa nyeupe ya titani zimetiwa zinki, na zinki ikikutana na asidi za mafuta hufanya aina ya sabuni inayolikakamaza tabaka la rangi hadi livunjike. Katika picha ya aina hii, ambamo weupe hupakwa mnene na kusokotwa kwa brashi, sioni sababu ya kuivumilia. Ni kweli kwamba Van Gogh mwenyewe alitumia nyeupe ya zinki na ya risasi, lakini risasi ni sumu ambayo siwezi kumshauri anayeanza aishike, na titani ilikuja kuenea miongoni mwa wachoraji katika miaka ya 1920. Titani ina nguvu kubwa ya kufunika, kwa hiyo unapopunguza ukali wa kijani cha miberoshi, anza na kiasi kidogo kabisa kwenye ncha ya kisu cha kuchanganyia rangi, la sivyo kijani kitageuka kuwa cha chokaa.

Kati ya chapa za rangi za mafuta, nafasi ya kwanza naipa Williamsburg, na sifichi kwamba naipendelea. Tyubu zake hutaja pigmenti na mafuta yaliyotumika, usagaji wake huacha baadhi ya rangi na chembechembe unazozihisi chini ya kisu, na kampuni ya Golden inayoitengeneza imechapisha wazi maonyo kuhusu zinki. Ya pili ni M. Graham, inayosagwa kwa mafuta ya jozi, laini na rahisi kusukuma kwa brashi, ila usiwe na haraka ya kuongeza tabaka juu yake. Hata kwa kampuni hizi, soma msimbo wa tyubu unayoinunua.

Rangi za daraja la wanafunzi zinafaa kwa mazoezi ya ardhi na ngano. Zina kijazio kingi, yaani unga wa kuongezea ujazo tu, na pigmenti kidogo. Sina la kuongeza.

Kinachoniudhi ni wauzaji wa mtandaoni wanaoonyesha uso wa tyubu pekee, kana kwamba mgongo wake ni siri, na ukiwauliza msimbo wanakujibu kwamba rangi ni ya ubora wa juu. Seti nazo ni dhuluma nyingine: tyubu 24 za ujazo sawa, nyeupe ikilingana na zambarau utakayoigusa mara moja, ilhali picha hii hula weupe kuliko rangi nyingine yoyote. Nunua nyeupe peke yake, tyubu kubwa, na usilipe kabla hujatumiwa picha ya mgongo wake inayosomeka.