Kanzu ya Sikukuu: Kabla ya Kutazama Darizi, Tazama Kwapa

Kila Idd el Fitri inapopita, wasomaji huniandikia kuhusu nguo za waume na watoto wao, na safari hii malalamiko yamefanana mno hata nimeona niyajibu kwa pamoja. Dada mmoja wa Tanga ameeleza kuwa kanzu mpya ya mumewe ilifumuka chini ya mkono wakati wa sala yenyewe, naye ikambidi apokee wageni huku amebana kiwiko ubavuni. Mwengine wa Mombasa alimnunulia baba yake kanzu ya kijivu yenye kitambaa laini na mshono wa shingoni uliotulia, lakini mzee kila akienda kusujudu nguo humkaba koo na pindo kumpanda hadi kwenye shavu la mguu. Wote walichagua kwa makini: walitazama rangi, wakapima urefu, wakakagua darizi. Hakuna aliyetazama kwapa.

Kwa sababu hiyo mwongozo huu hautasema lolote kuhusu namna ya kujua saizi, wala hautalinganisha rangi moja baada ya nyingine, kwani mambo hayo kila mnunuzi anayajua. Nitapanga kanzu zinazouzwa sokoni kwetu kwa kipimo kimoja, nacho ni jinsi zilivyokatwa na kushonwa pale mkono unapokutana na kiwiliwili, mahali ambapo nguo huumia kuliko kwengineko kote. Tukumbuke sala ya Idd ilivyo. Kwa sisi tunaofuata madhehebu ya Imamu Shafi, mwanamume huinua mikono mara 7 katika rakaa ya kwanza, mbali na takbira ya kuhirimia, na mara 5 katika rakaa ya pili, kisha anarukuu na kusujudu, na akishamaliza husimama uwanjani kukumbatiana na ndugu na majirani. Hakuna vazi jengine la mwanamume linalotakiwa kufanya kazi kama hiyo katika asubuhi yake ya kwanza.

Kanzu iliyokatwa sawasawa ina kikwapa, yaani kipande kidogo cha mraba, cha inchi 3 au 4 kwa kawaida, kilichotiwa kwa pembe baina ya mkono na badani, yaani kipande kikuu cha kiwiliwili. Chini yake huteremka taharizi, vile vipande virefu vya ubavuni vinavyoanza vyembamba juu na kupanuka kadiri vinavyokwenda chini. Kikwapa huupa mkono nafasi ya kuinuka bila kuivuta badani, na taharizi humpa mtu nafasi ya kupiga hatua na kukaa chini. Fundi anayetaka kubana kitambaa na muda huviacha vyote viwili: hukata badani moja iliyonyooka, akaushonea mkono moja kwa moja, na nguo ikitundikwa dukani huonekana nadhifu pengine kuliko ile nzuri, maana haina mikunjo kwapani. Ubaya wake hujitokeza mikono inapoinuka.

Namna ya kuikagua ni rahisi. Igeuze kanzu ndani nje na uupapase mshono wa kwapa kwa kidole. Ukikuta mishono minne inayozunguka kipande cha mraba, hiyo ina kikwapa. Ukikuta mshono mmoja unaotoka mkononi na kushuka ubavuni bila kukatika, haina. Angalia pia kama ncha za kitambaa zimekunjwa na kushonewa ndani au zimeachwa wazi na kuzungushiwa uzi tu, kwa kuwa ncha zilizo wazi ndizo zinazochambuka zikilowa jasho. Kisha mvaaji aivae, ainue mikono hadi usawa wa masikio, na wewe utazame pindo: likipanda vidole viwili hakuna neno, likipanda shibiri nzima irudishe kwenye kiango.

Jambo hili litazidi uzito katika miaka inayokuja. Mwaka wa Hijria ni mfupi kuliko wa miladi kwa siku 10 au 11, hivyo Idd el Fitri imeshaingia mwezi Machi, kuanzia 2028 itakuwa Februari, na 2030 itaangukia mwanzoni kabisa mwa mwezi huo. Kwa watu wa pwani hiyo ni kaskazi, joto kali na jasho tangu alfajiri. Kwapa lililobana hunyonya jasho lote, na kitambaa cha poliesta tupu chenye ufumaji wa kubana hakilikaushi. Idd el Hajj, kwa upande wake, itaangukia Aprili na Mei wakati wa masika, kwa hiyo anayenunua kanzu moja ya sikukuu zote mbili aikatishe juu ya kifundo cha mguu, isije ikafagia matope njia nzima ya kwenda uwanjani.

Chaguo langu la kwanza, na sifichi kwamba ndilo ninalolipenda, ni kanzu ya Kiswahili ya kushonesha kwa fundi, kwa kitambaa cha Toyobo. Kampuni hiyo ya Japani ilianzishwa Osaka mwaka 1882, na vitambaa vyake vya kanzu vinajulikana kote Ghuba. Ninachokipenda ni kwamba kikishonwa hutulia bila kuwa kigumu, hakikunjiki ovyo, na weupe wake hudumu baada ya kufuliwa mara nyingi. Hakikisha unaona jina kwenye ukingo wa kitambaa kabla hakijakatwa kutoka kwenye jora, kwa sababu jina hilo hutajwa madukani hata juu ya vitambaa ambavyo havijapata kuiona Japani. Mtu wa kimo cha kawaida hutoshwa na mita 3.5 za upana wa inchi 58, na ukimpelekea fundi mita 3 kamili kitakachoachwa ni kikwapa. Mwambie wazi, kabla hajashika mkasi, kwamba unataka kikwapa na taharizi, halafu mwachie yeye ufundi wa kaba ya shingoni na darizi ya kifuani. Uzi wa darizi uwe wa rangi ya maziwa au dhahabu iliyofifia, maana huo ndio mtindo wa sasa na unapatana na kofia yoyote.

La pili ni dishdasha ya Omani, ile isiyo na kola, yenye kishada kidogo shingoni ambacho wenyewe hukitia manukato. Mikono yake hukatwa mipana, na zile nilizopata kuzigeuza zilikuwa na nafasi ya kutosha kwapani. Vijana wa Unguja na Mombasa wanazitaka sana katika rangi ya mchanga, buluu ya mbingu na kijani cha zeituni. Nitaonya jambo moja tu kuhusu rangi kwa kuwa linahusu kwapa: kijivu chepesi huonyesha jasho likiwa bichi, na rangi nzito huonyesha mistari myeupe ya chumvi likishakauka. Nyeupe, maziwa na mchanga husitiri zaidi.

La tatu ni kanzu ya Saudia yenye kola ya kusimama na vifungo vya mikono. Kwa kupendeza haina mpinzani, hasa chini ya koti la suti, na ndiyo ninayomshauri bwana harusi. Lakini kola na mikono iliyofungwa humnyima mtu hewa, nazo hukatwa kwa kufuata mwili, kwa hiyo jaribio la kuinua mikono lifanyike bila kuoneana haya. Kanzu ya Imarati, yenye uzi mrefu unaoning'inia kifuani, ninaiweka sambamba nayo. Ile ya Moroko yenye kofia ya mgongoni na zipu, ambayo vijana wameishangilia misimu hii, ninaiweka mwisho: nyingi zinazoletwa kwetu zina mikono mifupi iliyobana, nazo ndizo zilizotajwa zaidi katika malalamiko niliyopokea.

Kuhusu kuivaa, sheria yangu ni kwamba mapambo mengi yakae mahali pamoja. Kofia ya kushonwa kwa mkono, yenye matundu yaliyozungushiwa uzi moja moja, inataka kanzu isiyo na mapambo mengi, na kanzu yenye darizi nzito inataka kofia nyeupe ya kawaida. Ndani avae fulana ya rangi inayokaribiana na ngozi yake, kwani fulana nyeupe chini ya kanzu nyeupe hujichora, na iwe na mikono, ili jasho liishie kwenye fulana. Miguuni makubadhi ya ngozi yanatosha. Koti liwe jeusi, la kijivu kilichoiva au la buluu ya usiku, na mabega yake yasibane, la sivyo kazi yote ya kikwapa itapotea bure.

Wauzaji nao wana sehemu yao katika malalamiko haya. Kanzu iliyotundikwa mwezi wa Shaabani huwekewa bei nyengine kumi la mwisho la Ramadhani linapoingia, ingawa mzigo ni ule ule. Duka moja la mjini lilinikataza kugeuza kanzu ndani nje kwa hoja kwamba ninaichafua, na duka hilo hilo limebandika ukutani tangazo kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Mnunuzi anayekatazwa kukagua na pia kukatazwa kurudisha amenyimwa haki zote mbili, na halipendezi hata kidogo kufanywa ndani ya mwezi mtukufu. Niliondoka bila kununua, na ninamshauri kila mtu afanye vivyo hivyo.

Kanzu za bei ya chini kabisa, zile zinazouzwa ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa, karibu zote hazina kikwapa. Kama bajeti hairuhusu nyengine, chukua saizi moja zaidi, mpelekee fundi afumue kwapa na kutia vipande viwili vya kitambaa cheupe, apunguze urefu, na umpelekee kabla ya nusu ya Ramadhani, kwa sababu baada ya hapo mafundi wazuri hawapokei tena kazi za kurekebisha.