Bima ya gari na pikipiki Mombasa: ipi ununue kwanza, ipi uiache

Ukiingia kwa ajenti wa bima Barabara ya Nkrumah au Moi Avenue, utaulizwa kwanza: "Thadi pati au komprehensivu?" Thadi pati humfidia mtu mwingine uliyemdhuru; komprehensivu hulinda na gari lako pia. Kabla hujajibu, mwambie chombo chako kinafanya kazi gani. Bima huandikwa kwa matumizi, na matumizi yakiandikwa vibaya hata komprehensivu ya bei kubwa haitakusaidia siku ya ajali.

Chukua Probox iliyokatiwa bima ya gari la binafsi, nayo kila alfajiri inabeba nyanya za biashara kwenda soko la Kongowea. Ikigongwa ikiwa na mzigo, mkadiria hasara anayetumwa na kampuni atapiga picha kreti kabla hajapiga picha bampa. Ripoti yake itasema gari lilikuwa kazini nje ya matumizi yaliyokubaliwa, na madai ya gari lenyewe yataishia hapo. Hali ni hiyo hiyo kwa Vitz ya nyumbani inayoingizwa kwenye programu za teksi jioni, na kwa pikipiki ya binafsi inayobeba abiria wa kulipa.

Kwa hiyo taja moja kati ya haya, na uhakikishe limeandikwa kwenye karatasi: gari la binafsi, gari la biashara linalobeba bidhaa zako mwenyewe, gari la kubeba mizigo ya watu kwa malipo, au chombo cha abiria wa kulipa, yaani matatu, teksi, tuktuk na bodaboda. Tofauti ya bei baina ya makundi haya ndiyo inayowavuta watu kudanganya. Rahisi huvunja upishi.

Sheria inataka nini

Sura ya 405 ya sheria za Kenya inamlazimisha kila mwenye chombo cha moto kuwa na bima ya kumfidia mtu wa tatu akiumia au kufa. Kiwango ambacho sheria inaitaka bima ibebe ni Sh3,000,000 kwa mdai mmoja. Mahakama ikitoa hukumu ya zaidi ya hapo, kinachozidi kinamfuata mwenye gari.

Mambo mawili hapa huwapita wengi. Sheria haikulazimishi kukatia bima mali ya mtu wa tatu: ukuta wa jirani, kibanda cha M-Pesa, gari la mwenzio. Kampuni nyingi huweka kifungu hicho zenyewe, lakini kiwango hutofautiana, basi kitafute kwa macho yako kwenye polisi, yaani mkataba wenyewe wa bima. Pili, sheria inawahesabu abiria wanaobebwa kwa malipo na wafanyakazi wanaobebwa kwa sababu ya kazi. Mke wako, watoto na rafiki uliompa lifti kwenye gari la binafsi hawamo kwa lazima. Uliza kama dhima kwa abiria, yaani wajibu wa kuwafidia, imo. Kama haimo, ilipie. Nyongeza hiyo ni ndogo sana ukilinganisha na bili ya hospitali.

1. Komprehensivu, ikiwa na nyongeza mbili

Hii ndiyo tunayoiweka mbele kwa kila gari ambalo likiharibika leo huna fedha za kununua jingine. Kwa gari lililonunuliwa kwa mkopo huna hiari, maana benki huidai. Inabeba dhima kwa mtu wa tatu, wizi, moto na uharibifu wa gari lako mwenyewe, hata kosa likiwa lako.

Bei huhesabiwa kwa asilimia ya thamani ya gari, na kwa magari ya binafsi mara nyingi huwa kati ya 3 na 6. Tuseme gari lina thamani ya Sh1,200,000 na umepewa asilimia 4. Msingi ni Sh48,000. Ongeza bima ya vurugu za kisiasa na ugaidi kwa asilimia 0.25, Sh3,000. Ongeza kinga ya eksesi, tunayoieleza hapa chini, kwa kiwango hicho hicho, Sh3,000. Jumla Sh54,000. Juu yake kuna tozo ya mafunzo ya asilimia 0.2 na ya mfuko wa fidia ya wenye bima ya asilimia 0.25, kwa pamoja Sh243, na stampu ya Sh40. Utalipa Sh54,283. Ajenti akikutajia makato mengine, mwambie akuonyeshe yalikoandikwa.

Nyongeza hizo mbili msiziache. Julai 2024 magari yalichomwa hapa Mombasa siku ya maandamano, na polisi ya kawaida ya komprehensivu huliondoa tukio la namna hiyo isipokuwa umelilipia. Eksesi nayo ni sehemu ya hasara unayoibeba mwenyewe. Ikiwa ni asilimia 2.5 ya thamani, kwa gari letu ni Sh30,000. Matengenezo yakiwa Sh90,000, kampuni italipa Sh60,000 tu. Kwa Sh3,000 za kinga ya eksesi unapona hapo. Soma lakini: kinga hiyo aghalabu haigusi wizi wala eksesi ya ziada ya dereva mchanga au mwenye leseni mpya, na gari lisilo na kifaa cha kulifuatilia huwekewa eksesi kubwa zaidi likiibwa.

Kosa kubwa tunaloliona kwenye komprehensivu ni kushusha thamani ili bei ipungue. Gari la Sh1,200,000 ukiliandika Sh900,000 umelikatia bima robo tatu, na kampuni itakulipa robo tatu hata kwa ajali ndogo. Hasara ya Sh200,000 inakuwa Sh150,000, kisha eksesi ya Sh22,500 inatoka, unabaki na Sh127,500. Kuipandisha nako hakufaidi kitu, kwa sababu gari likiharibika kabisa au likiibwa utalipwa bei ya soko ya siku ile. Kampuni hutoa barua ya kwenda kwa mthamini baada ya kununua bima. Nenda mapema, kabla muda wa barua haujaisha, na ripoti ikirudi hakikisha polisi imerekebishwa kuifuata.

Sisi wa Pwani tuna maswali yetu. Mafuriko: uliza kama yamo, na ujue kuwa gari likizimika ndani ya maji hupaswi kuliwasha tena. Injini ikivuta maji kwenye silinda, pistoni inapanda na kukuta kitu kisichobanika, na konrodi zinapinda. Gari lililoloa viti hulipwa bila mabishano marefu, lakini injini iliyovunjwa kwa kuwashwa ndani ya maji kampuni huweza kuikataa ikisema umejiletea mwenyewe. Kutu ya chumvi haimo kabisa, inahesabiwa uchakavu. Na kwa wanaovuka Likoni kila siku, omba jibu la maandishi kuhusu gari likiwa ndani ya feri.

2. Thadi pati ya mwaka mzima

Gari likiwa limezeeka, hesabu hubadilika. Kampuni nyingi haziandiki komprehensivu kwa gari lililopita umri fulani, kati ya miaka 12 na 15, na pia kuna bei ya chini kabisa ya komprehensivu ambayo haishuki hata gari liwe la thamani ndogo. Kwa gari la Sh350,000, ukitoa bei hiyo na eksesi, faida inayobaki ni nyembamba. Nunua thadi pati ya mwaka kutoka kampuni imara, ukiongeza abiria na kiwango kizuri cha mali ya mtu wa tatu, kisha weka akiba ya matengenezo. Gari lako likiharibika kwa kosa lako, hulipwi hata shilingi.

3. Thadi pati pamoja na moto na wizi

Kwa gari tunaiweka ya tatu. Inafaa linalolala nje na ambalo vipuri vyake vina soko, lakini haigusi ajali ya kawaida, ambayo ndiyo hutokea zaidi. Kwa pikipiki ya binafsi mambo ni kinyume, wizi ndio hofu kubwa, na ukiipata kwa bei ya haki ichukue.

4. Bima ya mwezi mmoja mmoja

Ya mwisho. Ukijumlisha miezi kumi na miwili umelipa zaidi ya mwaka, na hatari yenyewe ni zile siku za katikati unaposubiri hela. Bima hapa ni fedha mkononi: kifungu cha 156 cha Sheria ya Bima kinazuia kampuni kubeba hatari kabla haijalipwa. Ukigonga mtu siku moja baada ya cheti kuisha, kesi ni yako peke yako. Ikiwa huwezi kulipa kwa mkupuo, uliza mpango wa kulipa kwa awamu au mkopo wa kulipia bima, bado ni bora.

Bodaboda na tuktuk

Hapa chaguo la kwanza ni bima ya abiria wa kulipa, mwaka mzima, ikiwa na dhima kwa abiria. La pili ni hiyo hiyo pamoja na ajali binafsi ya mwendeshaji, na kusema kweli kila mwenye uwezo aanze na hili la pili, kwa sababu thadi pati haimtibu mwendeshaji mwenyewe. Bosi anayempa kijana pikipiki ya kazi amlipie nyongeza hiyo. Sheria inaruhusu abiria mmoja kwenye bodaboda. Ukiwa na mishikaki ya watu watatu, kampuni ina sababu ya kukubishia. Kwenye tuktuk, hesabu ya viti kwenye cheti ilingane na vilivyomo.

Kabla hujatuma pesa

Hakikisha kampuni imo kwenye orodha ya mwaka huu ya Mamlaka ya Kudhibiti Bima, IRA. United Insurance iliporomoka 2005, Standard Assurance 2009 na Blue Shield 2011, na wenye matatu walioachwa na kesi wanakumbuka. Kuna mfuko wa fidia kwa kampuni iliyofungwa, lakini malipo yake yana kikomo kilicho mbali sana na zile Sh3,000,000.

Lipa kwa paybill yenye jina la kampuni au ya broka mwenye leseni, kamwe usilipe kwa namba ya simu ya mtu. Cheti siku hizi ni cha kidijitali na hutoka kwenye mfumo wa DMVIC. Kikague humo: namba ya gari, tarehe, na kundi la matumizi. Gari lililotoka bandarini bila namba hukatiwa kwa namba ya chesisi, basi ukipata namba rudi ibadilishwe. Dai polisi yenyewe pia, cheti peke yake hakielezi masharti.

Unayekwenda Tanga kupitia Lunga Lunga, unahitaji kadi ya njano ya COMESA, ambayo Tanzania inaitambua. Inabeba dhima kwa watu wa huko tu. Gari lako mwenyewe lilindwe ng'ambo ya mpaka kwa kuomba kampuni ipanue eneo la polisi.

Ajali ikitokea

Piga picha magari kabla hayajasogezwa, pamoja na namba, barabara na leseni ya mwenzio. Usikiri kosa na usiahidi kulipa, kwa sababu polisi nyingi za bima zinakataza. Ripoti kituo cha polisi, fuatilia abstrakti, yaani hati ya polisi kuhusu ajali, na uiarifu kampuni siku hiyo hiyo au kesho yake. Usiache fundi afungue kitu kabla mkadiria hajaliona gari. Ukipokea samansi ya mahakama, ipeleke kwa kampuni mara moja na ugongewe muhuri kwenye nakala yako. Samansi iliyolala nyumbani huipa kampuni sababu ya kujitoa. Na ukiletewa hati ya kukubali malipo, soma kiasi na maneno yake kabla ya kutia sahihi, kwani ukishatia umesema umelipwa kikamilifu. Kama kiasi hakilingani na ripoti ya mkadiria, iombe ripoti hiyo, andika pingamizi lako, na wakikupuuza peleka malalamiko IRA.