Darubini ya dola 75: kioo kizuri, miguu mibovu

Nianze na miguu ya hii darubini ya kutazamia nyota, maana ndiyo iliyonikosesha nusu ya kile nilichoinunulia.

Mimi ni fundi cherehani, naishi Katuba, mtaa wa Lubumbashi, Kongo. Darubini hii niliinunua mwanzoni mwa Oktoba 2024 kwenye duka moja la simu na vifaa vya picha katikati ya mji hapa Lubumbashi. Walitaka dola 90, tukavutana mpaka 75. Kijana wa dukani akaniambia, "Mama, hii iko muzuri sana, itakuletea mwezi mpaka mu nyumba." Sanduku halina jina la kampuni. Lina picha ya Zohali, ile sayari ambayo shuleni tuliiita Saturne, na pete pana kama ukingo wa kofia ya harusi. Chini yake wameandika kwamba inakuza mara 200.

Hiyo 200 isahauni. Lenzi ya mbele ina kipenyo cha milimita 70, na umbali wake wa fokasi, yaani kutoka lenzi hadi pale picha inapokusanyika, ni milimita 400. Umepewa lenzi mbili za jicho, zile za kuchungulia, moja ya milimita 20 na nyingine ya 6. Gawanya 400 kwa 20 upate mara 20. Gawanya kwa 6 upate karibu mara 67. Ili ufike 200 lazima uchomeke kibomba cha lenzi kinachozidisha ukuzaji mara tatu, na hapo mwezi unageuka uji. Lenzi ya milimita 70 ikipita mara 140 hivi haina tena cha kukuonyesha. Ni kama kuongeza maji kwenye chai: kikombe kinajaa, sukari ni ile ile. Kibomba chenyewe sasa nahifadhia sindano.

Haraka yangu ilikuwa na sababu. Shemeji yangu alinionyesha kwenye simu, katika programu ya ramani ya anga iitwayo Stellarium, kwamba Jumatatu tarehe 14 jioni mwezi ungepita mbele ya Zohali, na sisi wa Lubumbashi tungeona. Unaweka mji wako, unasogeza saa kwa kidole, unaiona nukta inamezwa. Nikasema hii siikosi.

Siku hiyo joto lilikuwa lile la Oktoba, vumbi halijapata mvua, na umeme ulikuwa umekatika tangu mchana. Kwa mara ya kwanza sikulalamika. Nikatoa darubini uani jua likizama. Skrubu inayobana bomba kwenye stendi ni ya plastiki, na nyuzi zake zilikuwa zimekwisha kulika kwa siku nne tu. Nikaikaza, ikaruka, ikaangukia mchangani. Tukapiga magoti mimi na mtoto wangu wa mwisho, tochi ya simu mkononi, tukipekua mchanga kama watu wanaochagua mchele. Tulipoipata nikainua macho. Zohali ilikuwa imekwisha kuingia.

Nilikasirika, sifichi. Mwezi ulikuwa unakaribia kujaa siku hiyo, kwa hiyo upande wa kuingilia ulikuwa na ukanda mwembamba tu wa giza, na ndio nilioutaka: kuona sayari inaliwa na kitu kisichoonekana. Basi. Ikabaki kungoja itoke upande wa pili, wenye mwanga, zaidi ya saa nzima baadaye.

Hapo likaja tatizo la pili. Kadiri saa zilivyokwenda mwezi ulipanda, na huku kwetu, Oktoba, mwezi unaokaribia kujaa hupanda karibu utosini. Stendi hii haiwezi. Ukiinua bomba juu sana, mpini wa kusogezea unagonga mguu na kila kitu kinasimama. Mama yangu, aliyekuwa amekaa kwenye mkeka akitutazama, ndiye aliyesema tuweke tofali chini ya mguu mmoja. Tukainamisha stendi nzima. Skrubu nikaifunga na lastiki ya kiunoni, ile ya sketi, mizunguko sita. Sasa ikatulia.

Na lazima niseme ukweli wa upande mwingine: kioo ni kizuri. Kwa lenzi ya milimita 20 mwezi mzima unaingia, mkali, na nafasi inabaki pembeni. Pembezoni mwake kuna rangi kidogo ya zambarau, lakini mashimo yanahesabika. Kwa ile ya 6 mwezi unakimbia, baada ya dakika chache umetoka nje ya duara na lazima uufuate, na kila ukigusa mpini picha inatetemeka kama cherehani bila mafuta. Nilijifunza kuiacha mbele ya mwezi, kuondoa mkono, kungoja mwezi uje wenyewe.

Ilikuwa inakaribia saa mbili usiku, zamu ya mtoto. "Mama, iko natoka! Ile kitu iko natoka!" Nikamsukuma, Mungu anisamehe.

Ukingoni mwa mwezi palikuwa na kinundu. Nyota ikitoka nyuma ya mwezi hujitokeza ghafla, kwa sababu ni nukta tu na mwezi hauna hewa ya kuififiza. Zohali ina upana, kwa hiyo ilitoka polepole: kwanza ncha, kisha tumbo, kisha ncha ya pili. Kilichonishangaza ni rangi. Nilitarajia mng'ao, nikaona kitu hafifu, manjano ya kitambaa kilichofuliwa mara nyingi. Kule Zohali mwanga wa jua ni hafifu karibu mara 90 kuliko unaotufikia sisi na mwezi, na vilipokaa bega kwa bega tofauti ilionekana wazi. Mwezi ulikuwa kilomita laki tatu na zaidi kutoka kwetu, Zohali zaidi ya bilioni 1.3, na jichoni vimegusana.

Pete haikuwa ile ya sandukuni. Mwaka ule pete zilikuwa zimelala karibu ubapa kuelekea kwetu. Machi 2025 zilielekeza ukingo wake mtupu kabisa upande wa dunia. Nilichoona ni ushanga mdogo uliopitishwa sindano, na sindano imebaki ndani. Kwangu hiyo ilitosha. Mama alipoweka jicho alikaa kimya muda mrefu, akauliza kama iliumia.

Nilirudi dukani na ile skrubu. Kijana alikuwa na adabu, akanipa nyingine ya plastiki ile ile, akasema stendi ya chuma ya kamera ipo, dola 40. Bado sijainunua. Tofali lipo uani.