Riviu ya app ya poka: meza za senti ziko poa, ila kile kitufe cha kuchungulia karata wangekitoa tu

Wadau, jina la app sitaji, sitaki kuwapigia promo ya bure na pia kuna sehemu nawasema vibaya, ila ni moja ya hizi app za poka ya no-limit (unaruhusiwa kubeti mpaka hela yako yote ya mezani) ambazo machalii kibao hapa Chuga, yaani Arusha, wamezishusha kwenye simu, ukikaa kijiweni Sakina au Kijenge jioni huwezi kukosa mtu kainama kwenye kioo anabishana na karata. Meza ndogo kabisa blaindi, yaani dau la lazima la wachezaji wawili kabla ya kuanza, ni senti 1 na senti 2 za dola, unakaa na dola 2, watu sita mezani. App inakata 5% ya poti (hela iliyowekwa katikati ya meza), ndio kodi yao hiyo. Na kabla hujaweka hata mia angalia kwanza kama kampuni ina leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, na we dogo ambaye hujafika miaka 18 ishia hapa hapa.

Sasa mi app ya poka naipima kwa kitu kimoja, inakutendeaje zile sekunde unazofikiria kufoldi, yaani kutupa karata zako na kutoka. Kubeti hakuna wa kutufundisha, tumekulia kwenye mikeka. Kukoli, yaani kulipa dau la mwenzako, ndio kabisa, kidole kinaenda chenyewe. Kazi ipo pale una karata nzuri ya kweli, umefurahi nayo, alafu mezani panaanza kunuka.

Nipeni nafasi nielezee mkono mmoja maana bila huo riviu haieleweki. Nimepewa esi mbili, ya shupaza na ya pau. Nikapandisha mpaka senti 6, wakakoli wawili, wa kwenye kitufe cha dila (anayecheza wa mwisho) na wa blaindi kubwa, poti ikawa senti 19. Flopu, zile karata tatu za kwanza za mezani ambazo kila mtu anazitumia, ikaja 9 ya kopa, 8 ya kopa, 6 ya uru. Aisee. Nikabeti senti 12, wa dila akatoka, yule wa blaindi kubwa akapandisha mpaka 40.

Hapa naisifia app. Unapewa sekunde 15 na juu yake kuna akiba ya sekunde 30 ambayo inajijaza tena ukikaa mezani, na pembeni pale pale inakuonesha poti ina ngapi, unatakiwa uongeze ngapi na mwenzako kabakiwa na ngapi, huhangaiki kutafuta. Poti 71, naambiwa niongeze 28. Ukilipa poti inakuwa 99, kwahiyo ukiweza kushinda kama mara 28 kwenye kila 100 hesabu inalipa, na mtu akiishia hapo anakoli huku anacheka, si ana esi mbili bwana.

Ila 28 sio bei. Bei ni zile dola 1 na senti 82 zilizobaki mbele yako, maana huyu akibeti tena karata ya nne na akamalizia riva, karata ya tano na ya mwisho, utakuwa umeshajifunga, utajiambia nimefika mbali sana siwezi kutoka sasa. Ndio ugumu wa no-limit huo, dau la sasa hivi ni dogo, lile linalokuja ndio linabeba kila kitu. Kwahiyo swali la kwenye flopu ni kama uko tayari kuziweka zote, na kama hauko tayari bora ujue mapema.

Huyo jamaa anaweza akawa na nini? Akiwa na 9 mbili, 8 mbili au 6 mbili basi ana tatu za aina moja, na we unabaki unaomba esi mbili zilizobaki kwenye deki, nafasi yako kama 10% hivi. Akiwa na 10 na 7, au 7 na 5, ameshamaliza streiti (karata tano zinazofuatana), umekwisha zaidi. 9 na 8 pia amekupita kwa pea mbili. Alafu watu wanasema “labda anasubiria tu karata”, haya, tuseme ana jeki na 10 za kopa, hesabu zinazomwokoa, kopa 9 zilizobaki za kumpa flashi (karata tano za alama moja), 7 tatu na kwini tatu ambazo sio kopa za kumpa streiti, jumla karata 15, na bado zinakuja karata mbili. Mtu mwenye karata 15 kwenye flopu anashinda zaidi ya nusu ya mara! Yaani hana hata pea na yeye ndio anakuongoza. Wengi wakiambiwa hili wanabisha mpaka mishipa ya shingo inatoka.

Lakini pia tusidanganyane, sio kila anayesubiri ana karata 15. Mwenye kopa mbili za kawaida tu ana 9, hiyo ni kama 35% mpaka riva, hapo esi zako bado ni baba. Kwahiyo yote inarudi kwa nani kapandisha, na hapa app hii inazipita zile nyingine nilizojaribu, ukigusa picha ya mchezaji inakuonesha anaingia kwenye asilimia ngapi ya mikono na anapandisha mara ngapi, na unaweza kumwekea rangi na kijinoti chako. Yule alikuwa anaingia 14% na kupandisha baada ya flopu ni kama hajui kitufe kiko wapi. Mtu kama huyo akiamka kwenye meza yenye 9, 8, 6 hajaamka na upepo. Nikafoldi. Angekuwa mmoja wa wale wa 60%, wale wanaoingia na 9 na 3 eti zimefanana rangi, hapo nisingekoli wala kufoldi, naenda olini, naweka zote, nimalize maneno.

Kuna kitu kingine kidogo ambacho wengi hawakioni. Esi zangu hazikuwa za kopa. Ukiwa na esi ya kopa mwenyewe unajisikia salama zaidi, kumbe umemnyang'anya mwenzako zile flashi za kusubiria zenye esi, ambazo watu wengi hupenda kupandisha nazo, kwahiyo akipandisha uwezekano wa kwamba ameshakamilika unakuwa mkubwa zaidi. Na bado utasikia mtu anasema “nimekoli kwa sababu nilikuwa na esi ya kopa”.

Sasa kinachoniudhi. Ukishafoldi tu, kabla hata hujashusha pumzi, kinatokea kitufe kinameremeta katikati ya kioo, kinakuuliza unataka kuona karata ambazo zingetoka? Unalipia kwa vialmasi vyao ambavyo vinauzwa kwa hela. Kitu hiki ni sumu kwa anayejifunza kufoldi. Karata zilizokuwa zinakuja hazikwambii jamaa alikuwa na nini, zinakwambia tu deki ilivyochanganywa. Ukiwa na ile nafasi ya 10% maana yake kama mara moja katika kumi utaoneshwa esi ya tatu imekaa pale karata ya nne au riva inakukonyeza, na hiyo moja ndio utaikumbuka wiki nzima, zile tisa zimeshafutika.

Kuna dogo mmoja wa Moshi, yupo pande za Majengo, tunachezaga meza moja, yeye kile kitufe hakimpiti.

“Kaka umefoldi esi? Ingekuja esi riva!”

“We umeijuaje?”

“Si nimelipia nikaangalia.”

“Na karata za jamaa umeziona?”

“Hapana kaka, ila ingekuja esi.”

Mkono uliofuata huo huo alikoli olini na kwini mbili mezani kukiwa na esi na kingi. App imepata almasi, na chipsi za dogo zimeenda kwa mwingine. Wengine nao wanakuja na stori ya Chris Moneymaker, yule mhasibu wa Tennessee aliyeingia WSOP (mashindano makubwa ya poka duniani) ya 2003 kupitia mchujo wa mtandaoni akaondoka na dola milioni 2.5, wanaamini ukikomaa tu inatiki, na app zinajua kuwachochea watu wa hivo.

Mengine haraka haraka. Intaneti ikikata, na kwa umeme wetu huu tunajuana, inakusubiri na akiba yako ya sekunde, ikiisha inakuchekia (unapita bila kuweka hela) kama hakuna aliyebeti na inafoldi kama kuna dau, iko fea. Kitufe cha kufoldi kiko jirani sana na cha kucheki, ila ukikigusa wakati kucheki ni bure inakuuliza kwanza kama una uhakika. Bando haili kivile. Kiswahili hamna. Mikono iliyopita inatunzwa kwa maandishi, unaweza kuikopi ukaiweka kwenye kikokotoo chochote cha poka ukaangalia asilimia zako umetulia, na hiyo nawaambia ni bora mara mia kuliko kuchungulia riva, na ni bure.

Nyota naipa tatu na nusu kati ya tano. Hiyo moja na nusu ni kitufe. Kwenye Android nimezunguka setingi zote sijaona pa kukizima, mwenye iPhone aangalie kwake alafu anijibu hapa chini.