King'amuzi kimenitoa elfu kumi na moja kwa chaneli za bure

Sikuwa na mpango wa kuandika ila nimekaa hapa sebuleni naliangalia hili boksi na kataa kake kekundu, hasira zinapanda upya, wacha niseme tu. Jina la kampuni naliacha maana sitaki kesi.

Sisi wa Dar ndo tuliotangulia kuonja dijitali, analojia, ile mitambo ya zamani ya kurushia TV, ilizimwa usiku wa kuamkia 2013, mikoani wakafuata mmoja mmoja, Dodoma, Tanga, Mwanza, Arusha, Mbeya. Upande wetu huu wa dunia ulikuwa umepewa mpaka Juni 2015 uwe umezima lakini sisi tukaingia na kiherehere chetu. Wenzetu Wakenya walibishana mpaka mahakamani, na walipokuja kuzima hiyo 2015 vituo vyao vikubwa vilikaa giza karibu wiki tatu. Sisi kimyaaa, tukakimbilia kununua ving'amuzi.

Halafu mimi nilikuwa mbishi, sikununua mapema. Asubuhi ya mwaka mpya nawasha TV yangu ya chogo, zile za zamani nene mgongoni, chenga tupu, mama yuko kwenye mkeka ananiambia baba, kageuze antena. Nikatoka, nikashika ule mlingoti wa mwanzi, nageuza, yeye anapiga kelele dirishani "hapo hapo! aah umepitiliza, rudisha!" Tulifanya hivyo kama nusu saa nzima, tunatafuta mawimbi ambayo yalishazimwa usiku. Mpaka leo nikikumbuka nacheka peke yangu.

Basi nikanunua, na niseme ukweli, nilifurahi. Picha kama maji ya kisima, mtangazaji unamwona mpaka jasho la puani. Kasoro moja tu, picha inachelewa sekunde kadhaa, Taifa Stars ikicheza jirani mwenye redio anapiga kelele za goli mimi kwangu mpira bado uko katikati. Hiyo nilishaizoea.

Sasa juzi kati hapa kifurushi kiliisha. Sikujali, maana zile tano za taifa, TBC1, ITV, Star TV, Channel Ten na EATV, TCRA, wale mamlaka ya mawasiliano, walishasema tangu mwanzo zinatakiwa zionekane hata kama hujalipa, na kweli miaka yote zilikuwa zinaonekana. Ikanyesha mvua ya siku mbili, jioni mama anawasha aone taarifa ya habari ya saa mbili, kioo cha buluu, maandishi ya Kizungu kwamba hakuna mawimbi. Kwa akili zangu nikajua washenzi hawa wamenifungia.

Kesho yake nikaenda ofisini kwao. Foleni, namba, kiyoyozi kibovu. Nikafika kwa binti mmoja kaunta anakula ubuyu, vidole vyekundu, simu kaificha chini ya meza anadhani hatuioni. Nikamwambia dada habari za kazi. Ananijibu "namba ya kadi." Mtu mwenye mvi kama mimi! Shikamoo sikuidai, lakini hata "salama" jamani?

Nikamtajia. "Kifurushi kimeisha, lipia."

"Najua kimeisha mdogo wangu, ila hata zile za bure hazionekani."

"Mzee, hakuna cha bure. We kwako unakula bure?"

Halafu akauliza natumia TV gani, nikasema ya chogo, akamgeukia mwenzie wakachekana, "hizo si ziliondoka na analojia?" Yani mfanyakazi wa kampuni ya ving'amuzi hajui kwamba king'amuzi kazi yake ndo hiyo hiyo, kulitafsiria chogo lugha mpya! Unachomeka waya zako tatu, njano nyekundu nyeupe, biashara imeisha. Ningekuwa na TV ya kisasa yenye king'amuzi ndani ningefuata nini pale kwako?

Watu nyuma wanasukuma, nikaona aibu, nikalipa elfu kumi na moja. Meseji ya kupokea malipo ikaja kabla sijafika mlangoni, hapo wako fasta. Nafika nyumbani, buluu ile ile. Napiga kastoma kea, bonyeza moja, bonyeza tano, muziki, muziki, salio likakata.

Nikamwita kijana wa mtaani, dogo anayetengeneza redio na pasi. Hakuuliza habari ya kifurushi. Alichukua rimoti, akaingia sehemu ya mipangilio, akaniambia mzee, hii mistari miwili inaonyesha nguvu na ubora wa mawimbi, yako yote sifuri. Akapanda kwenye antena, akachomoa kile kichuma cha kuchomekea waya, kikadondosha maji, ndani kutu ya kijani kama ukoga. Akakata waya kama shubiri, akamenya upya, akafunga na mfuko wa nailoni. Elfu tatu. Chaneli zote zikarudi, za bure na za kulipia.

Kwa hiyo ndio, waya ni wangu, uzembe ni wangu, tangu niufunge sijaugusa. Nilitaka kuishia hapo niombe radhi. Analojia waya ukioza ilikuwa inaugua kwanza, chenga wiki nzima, unajua mgonjwa yupo. Dijitali inavumilia inavumilia, picha inakatika vibox vibox dakika mbili, kwisha. Hilo sio kosa la kampuni, hilo nakubali.

Lakini ngoja. Yule binti alikosa nini kuniuliza swali moja, "mistari inasoma ngapi?" Dogo hajasomea popote na hana kiyoyozi, kaangalia hilo la kwanza. Huyu analipwa mshahara, kanicheka chogo langu, kachukua elfu kumi na moja kwa ugonjwa wa elfu tatu! Hapana, radhi siombi. Nyota mbili nilizotaka kuwapa nazirudisha mfukoni. Boksi zuri, watu hovyo. Boksi lenyewe pia sio zuri kihivyo, linachemka unaweza kukaangia yai.

Kifurushi kinaisha wiki hii na silipii ng'o. Tatizo ni mama. Kwa hizi siku amenasa kwenye tamthilia ya Kifilipino iliyoko huko kwenye za kulipia, taarifa ya habari hata haulizi tena. Jana usiku kaniambia "baba, hivi kinaisha lini?" Nimemwambia bado bado.