Nyanya, bilinganya, pilipili: darasa la mimea lililonifumbua macho Mwanza

Nina bustani ndogo huku Nyegezi, matuta sita tu. Mwaka juzi nyanya zilininyaukia zikiwa zimeshaanza kuzaa. Asubuhi mche umesimama vizuri, mchana umelegea kama umemwagiwa maji ya moto, na majani bado ya kijani. Nikang'oa, nikapanda bilinganya kwenye matuta yaleyale, maana kila mtu anasema ubadilishe zao. Zikanyauka. Nikaweka pilipili hoho. Nazo hivyohivyo. Kwa hiyo shoga yangu aliponirushia tangazo la darasa la Jumamosi la kutambua jamii za mimea kandokando ya ziwa, nililipa siku hiyohiyo.

Ada ni shilingi 30,000, chai na chapati humohumo, na unaazimwa lenzi ndogo inayokuza mara 10. Tangazo lilisema saa mbili asubuhi. Tulianza saa tatu na nusu, eti wanatafuta waya wa spika, na spika yenyewe haikutumika mpaka tunaondoka.

Lakini yule mwalimu, mama mmoja wa makamo, anajua kufundisha. Alianzia majini. Alikata shina la funjo na shina la tete, akatuambia tufumbe macho tuyazungushe vidoleni. Funjo lina pembe tatu, unazihisi kabisa. Tete ni mviringo na lina vifundo, kama mahindi na muwa, kwa sababu wote ni jamii ya nyasi. Miaka yote hii napita Luchelele nikiona vyote ni "majani ya ziwani". Magugu maji hakuyakalia sana: ua la zambarau, petali sita, moja ina doa la njano, asili yake Amerika Kusini, twende.

Alipotulia ni kwenye pamba. Mezani aliweka ua la pamba, la bamia na la choya, tukayaangalia kwa lenzi. Yote matatu, zile nyuzi zenye chavua zimeungana chini zikawa mrija mmoja katikati ya ua. Halafu akasema na mbuyu umo, na mlenda umo. Mlenda ua lake halina ule mrija, na zamani ulikuwa umewekwa kwenye jamii nyingine, ila siku hizi umerudishwa kwa nduguze. Mzee mmoja wa Kisesa akacheka mpaka akashika mbavu: "Yaani mayu, pamba nimelima tangu ujana, kumbe nilikuwa nalima shemeji yake mlenda!" Ukifikiria ute wa bamia, wala si ajabu.

Basi ikafika zamu yangu. Nyanya, bilinganya, pilipili, mnavu, hadi ndulele ya porini. Petali tano zilizoshikana chini, ua limefunguka kama nyota, na kile kikofia cha kijani kinabaki kichwani mwa tunda hata likiiva. Nikaeleza habari ya matuta yangu. Mwalimu akanitazama kwa huruma: "Mdogo wangu, wewe hukubadilisha zao. Ulibadilisha jina." Mnyauko bakteria unakaa kwenye udongo, na jamii hiyo yote ni chakula chake, viazi mviringo vikiwemo. Viazi vitamu ni ukoo mwingine kabisa. Angalia ua la matembele, limekaa kama faneli. Akanifundisha na kipimo: kata shina la mche ulionyauka karibu na ardhi, lining'inize kwenye glasi ya maji safi, subiri dakika chache. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka, ndiyo wenyewe. Hapo usirudishe jamii hiyo misimu kadhaa, panda mahindi.

Kitu kingine nilichokipenda ni kwamba haachi mtu ashike alama moja akakimbia nayo. Kivumbasi kina shina la pembe nne, majani yametazamana, kinanukia. Kijana mmoja akaruka na tawi la lantana, nalo shina lake pembe nne na linanukia, akasema ni ndugu. Si ndugu. Kivumbasi kinatoa vijimbegu vinne vikavu ndani ya kikombe cha ua, lantana inatoa vitunda vyenye nyama. Utomvu mweupe vilevile: minyaa na muhogo ni jamii moja, ila mpapai una utomvu na si wa huko. (Utomvu wa minyaa usiuguse halafu ukajifikicha macho. Utajuta.)

Malalamiko ninayo. Karatasi walizogawa ni Kilatini na Kiingereza kitupu, yule mzee wa Kisesa aliifanya yake kipepeo. Choo hakuna karibu. Na jamii ya karoti na giligilani ilipitishwa dakika kumi za mwisho watu wameshashika mikoba, wakati humo ndimo kuna mimea ya sumu inayofanana na ya kula. Hiyo ilistahili saa nzima.

Naipa nyota nne. Mwenye bustani aende. Anayetaka picha za ufukweni tu atachoka.

Jioni nilimkuta jirani yangu anachimba mashimo ya bilinganya palepale zilipokufa nyanya zake. Nikamwomba shina moja lililonyauka na glasi ya maji.